Mwaka Niliokaa Bila Harufu

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kuonja kahawa. Watu wengi hawajui kwamba kuna kazi kama hiyo. Hata mama yangu, mpaka anafariki, aliwaambia majirani kule Ukambani kwamba mimi ni wa "ofisi ya kahawa" tu, maana aliona haya kusema mwanawe ameajiriwa kunywa na kutema. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kahawa ilitufikia katika vifuko vidogo kutoka viwanda vya wakulima. Tuliikaanga, tukaisaga, tukaimwagia maji moto katika vikombe vilivyopangwa mezani, halafu mimi nikapita na kijiko, kikombe baada ya kikombe, nikivuta tone kwa kishindo na kulitema kwenye ndoo. Ningeweza kukwambia hii ilinyeshewa ikianikwa, hii ililala kupita kiasi majini, na magunia ya hii yaliwekwa karibu na mafuta ya taa.

Ofisi yetu ilikuwa orofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya jiji. Mwenye kampuni alikuwa mzee wa Kigujarati ambaye baba yake na babu yake walifanya biashara hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alinisikiliza. Nikisema kikombe kina kasoro, hakukirudia kukionja.

Kisha nikashikwa na homa. Kipimo kilisema ni korona, wakati ambapo watu walikuwa wameshaacha kuizungumza. Nilikaa nyumbani Kinoo siku kumi, nikakohoa, nikapona. Asubuhi ya siku niliyojiona mzima, mke wangu aliniletea kikombe cha chai ya tangawizi. Nilikinywa chote kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nimekunywa maji moto yenye sukari. Nilinusa kikombe. Nilinusa sabuni ya bafuni, soksi zangu, ndimu. Hakukuwa na kitu. Si kwamba harufu ilikuwa hafifu. Haikuwepo, kama ukuta uliopakwa rangi moja toka juu hadi chini.

Sikumwambia mtu ila mke wangu. Nilidhani harufu zitarudi kufikia Jumatatu, na Jumatatu ilipofika nikaenda kazini.

Nataka kueleza jinsi nilivyodanganya, kwa sababu mpaka leo nashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Ulimi bado ulinipa uchachu, uchungu na utamu. Mengine niliyakisia. Niliangalia jina la kiwanda kwenye kifuko na kukumbuka kahawa yao ya mwaka uliopita. Nilimtazama mwenzangu aliyeonja upande wa pili wa meza. Akikunja uso, nami nilikunja. Niliendelea hivyo majuma matano. Kisha siku moja mwenye kampuni aliniita mezani, akanisogezea kikombe.

"Hii uliandika ni safi," alisema.

"Ndiyo."

"Onja tena."

Nilionja. Nilifanya kishindo chote cha kawaida, nikatema, nikatazama dari kama mtu anayefikiri. "Safi," nilisema.

Alikivuta kikombe kwake, akakinusa. "Hii inanuka kitunguu," alisema. "Mpaka yule mama wa kufagia ameuliza nani anapika. Ndugu yangu, pua yako iko wapi?"

Hakunifukuza. Alinihamishia meza ya makaratasi, nikawa naandika ripoti za vikombe vilivyoonjwa na wengine, na akaniambia nimwone daktari. Daktari wa pua na koo alinimulika, akanipima, akasema mishipa ya kunusa imeumia. Huenda ikapona baada ya miezi, huenda isipone. Hakuna dawa ya kumeza. Alinipa zoezi: chupa nne ndogo zenye mafuta ya karafuu, limau, mkaratusi na waridi, ninuse kila moja asubuhi na jioni huku nikijikumbusha harufu yake. Nilipokuwa naondoka aliuliza, "Na usingizi?" Nikamwambia silali. "Chakula?" Nikamwambia nimepungua kilo saba. Akaandika kikaratasi kingine, cha kwenda kwa mshauri nasaha.

"Mimi sina wazimu, daktari," nilisema.

"Najua," alijibu. "Wenye wazimu tunawapeleka kwingine. Wewe umefiwa."

Neno hilo lilinikera. Hakuna aliyekufa. Nilikiweka kikaratasi mfukoni wiki tatu nzima. Sikwenda kwa sababu ya huzuni, maana huzuni nilikuwa nimeshaizoea. Nilikwenda kwa udadisi. Daktari alikuwa na taa na vyuma vyake, mchungaji wetu alikuwa na mafuta na maombi, nami zamani nilikuwa na kijiko. Nilitaka kujua mtu huyu angefanya nini na mimi kwa dakika hamsini bila chochote mkononi.

Alikuwa na chumba katika nyumba ya zamani ya mawe kule Loresho, yenye bustani na mbwa mzee asiyebweka. Nilipanda kilima kwa miguu kutoka Waiyaki Way nikiwa nimevaa tai. Mshauri alikuwa mama wa Kisingasinga wa umri wa miaka sitini hivi, bangili ya chuma mkononi, nywele nyeupe amezifunga kisogoni. Nilianza kwa Kiingereza changu cha ofisini. Akajibu kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Karibu, mzee. Kaa penye unataka. Mimi si daktari, usiniite daktari. Wengi wananiita Mama, ni sawa tu."

Kulikuwa na viti vitatu. Nilichagua cha karibu na mlango.

"Sasa, niambie," alisema. "Nini imekuleta?"

Nilimweleza kama ripoti: homa, tarehe, kipimo, kitunguu. Alisikiliza. Nilipomaliza, hakusema kitu. Nilingoja. Alikuwa ameweka mikono mapajani na kunitazama, si kwa ukali, bali kama mtu aliye kituoni asiye na haraka. Nilianza kuhesabu vigae vya sakafu. Katika kazi yangu, mtu akinyamaza baada ya kuonja, ama amepata kasoro ama hajui aseme nini. Nikajiuliza yeye ni wa kundi gani.

Hatimaye aliuliza, "Harufu ya mwisho kusikia ilikuwa ya nini?"

Nilijaribu kurudi nyuma: ile jioni kabla ya homa, mke wangu akikaanga vitunguu labda, koti langu lililonyeshewa, mjukuu wangu akitoka kuogeshwa. Sikujua ipi ilikuwa ya mwisho. Ningeijua, ningeinusa kwa makini. Na hapo, mtu mzima mwenye tai, nililia mbele ya mwanamke nisiyemjua, kwa sauti, mpaka yule mbwa akaja kusimama mlangoni kutazama.

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, lakini udadisi ulizidi aibu. Swali lile lilikuwa dogo sana. Lilijuaje pa kugusa? Nilitaka kurudi nione atafanya nini mara ya pili, kama mtu aliyeona mazingaombwe akataka kukaa karibu zaidi na meza.

Mara ya pili tulizungumza juu ya maneno. Alitaka kujua kwa nini tunasema *kusikia* harufu, kana kwamba pua ni sikio. Nilimwambia sijui, lakini tangu zipotee ndivyo hasa ninavyohisi, kwamba nimekuwa kiziwi. Watu wanazungumza karibu nami na sisikii. Akacheka, akaandika kitu. Aliniuliza nimwelezee kahawa ya kitunguu ni kahawa ya namna gani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilijikuta nikizungumza juu ya kazi yangu nusu saa bila kusimama.

Kisha likatokea jambo la githeri.

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na binti yetu alikuwa ametuachia mtoto wake, msichana wa miaka mitatu, ambaye alikuwa amelala chumbani. Niliweka githeri, mahindi na maharagwe, kwenye jiko la gesi iendelee kuiva, nikakaa sebuleni na gazeti. Nilisoma ukurasa wa maoni wote. Nilisoma hata matangazo ya vifo. Kilichonishtua ni mlango kupigwa kama unaotaka kuvunjwa. Alikuwa jirani yetu wa mkabala.

"Baba, nini kinaungua huko kwako?"

Nilimwambia hakuna. Akanipita. Jikoni moshi ulikuwa umejaa kuanzia dari hadi usawa wa kifua changu. Alizima gesi, mimi nikakimbilia chumbani. Mtoto alikuwa ameamka na ameketi kitandani, anakohoa, anafikicha macho. Moshi ulikuwa umepenya chini ya mlango. Nilimbeba hadi kibarazani. Hakuwa na neno. Baada ya dakika tano alikuwa anaomba juisi. Lakini sikumwachia mpaka jirani akamchukua kutoka kwangu.

"Tafadhali usimwambie mke wangu," nilimwomba.

Alinitazama kwa huruma iliyoniuma. "Sawa," akasema.

Nilifungua madirisha yote. Sufuria ilikuwa imeungua kabisa chini. Nikaifunga ndani ya karatasi na kuitupa mbali na nyumbani. Mtoto nikambeba mabegani, tukaenda hadi sokoni Kangemi, nikanunua sufuria nyingine ya ukubwa ule ule. Mke wangu aliporudi jioni, nilikuwa nimepika wali. Aliingia, akasimama mlangoni kidogo, akavua viatu, akauliza mtoto ameshindaje. Nikamwambia vizuri. Akaenda kubadilisha nguo. Nikashusha pumzi.

Kuanzia siku hiyo sikutaka kuachwa na mjukuu wangu. Binti yangu akipiga simu kwamba anamleta, nilikuwa na mkutano. Mara mgongo unauma. Mara nimeahidi kumtembelea rafiki aliyelazwa. Mara ya nne binti aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, kama umechoka na mtoto, sema tu, sitakasirika." Nilimwambia si hivyo. Sikumwambia ni vipi.

Na nilianza kuoga mara tatu kwa siku. Mtu asiyesikia harufu hajui yeye mwenyewe ananukaje. Ofisini nilikaa mbali na watu. Nilibeba shati la pili ndani ya mkoba. Mwenzangu akisogeza kiti, nilijua ni kwa sababu yangu.

Kwa mshauri nilienda wiki baada ya wiki na haya yote sikuyasema. Nilimweleza ndoto zangu, utoto wangu, shamba la mama. Nilidhani nampa vya kutosha. Katika mkutano wa sita alisema, "Mzee, naweza kuuliza kitu? Kila wiki ulikuwa unaniambia stori ya mjukuu. Siku hizi simsikii. Yuko wapi?"

Nilitazama sakafu. Kisha nikamwambia yote, hadi sufuria.

Nilitegemea aniambie si kosa langu. Hakuniambia. Aliuliza, "Nani anajua?"

"Jirani. Na wewe."

"Na bibi yako?"

"Hajui."

Alinyanyuka, akakivuta kile kiti cha tatu, akakiweka mbele yangu. "Kama angekuwa ameketi hapa sasa, ungemwambia nini?"

"Hapo?"

"Hapo."

"Mama, kwa heshima zote," nilisema, "mimi nina miaka hamsini na miwili. Niongee na kiti?"

"Ndiyo. Ukiona ni upuzi, tutaacha. Lakini hujaonja bado."

Nilicheka, maana alikuwa amenipata kwa lugha yangu. Nikakitazama kiti. Kilikuwa na mto wa kijani na uzi uliochomoka pembeni. Nikaanza kwa sauti ya kusoma taarifa: "Mke wangu, nataka kukujulisha kwamba Jumamosi fulani niliunguza githeri." Nikakwama. Nilikuwa nimepanga kuendelea na moshi, na jirani, na sufuria. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine kabisa. Nilikiambia kile kiti: "Naogopa utaanza kunichunga. Naogopa utakuwa na watoto wawili nyumbani."

Nilishtuka kwa maneno hayo. Ningeulizwa barabarani ninaogopa nini, ningesema moto. Nilikaa nikiyatazama kama mtu aliyefungua kabati lake mwenyewe akakuta koti asilolijua.

"Hiyo ilikuwa huko ndani tangu lini?" mshauri aliuliza.

"Sijui," nilisema. "Ndiyo naiona sasa."

Hakuniagiza nimwambie mke wangu. Nilimuuliza kabisa: "Kwa hiyo nimwambie?" Akasema hilo ni langu, ila angependa kujua nitakaloamua, na tukiwa na dakika kumi zimebaki aliniuliza nadhani mke wangu angejibu nini. Nilisema angepiga kelele. Kisha nikasema angelia. Kisha nikagundua sijui, na kwamba nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na saba.

Nilimwambia Jumapili baada ya ibada. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, miwani imeshuka puani, redio inazungumza polepole. Nilizima redio. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa, toka gazeti hadi Kangemi. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Mzee," alisema, "nilijua toka mlangoni."

"Ulijuaje? Jirani alikwambia?"

"Jirani wa nini? Nyumba ilinuka. Mapazia yalinuka majuma mawili. Nguo zako, nywele za mtoto, mpaka Biblia yangu."

Katika hesabu zangu zote, madirisha, sufuria, wali, hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nilifuta kila kitu nilichoweza kukiona. Mimi sikusikia chochote, basi nikachukulia dunia nzima haikusikia.

Alianza kucheka. Alijizuia, akaniangalia, akacheka tena, na nikacheka naye mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa nini hukusema kitu?" nilimuuliza.

"Nilingoja uniambie. Kesho yake nikangoja. Halafu siku zikawa nyingi, nikaanza kuogopa kwamba wewe ni mtu wa kuweza kunificha kitu kama hicho. Sikutaka kuhakikisha."

Aliokota maharagwe kutoka sakafuni, moja moja. Bila kunitazama akasema kwamba yeye pia alikuwa na lake. Tangu harusi yetu alikuwa anajipaka mafuta ya asumini shingoni kila Jumapili. Alikuwa ameacha. "Nilijiuliza najipakia nani," alisema. "Miezi mitano sasa. Na wewe hukuweza hata kujua kwamba nimeacha."

Hilo liliniuma kuliko kitunguu, kuliko meza ya makaratasi. Nilikuwa nimejiona kama mtu aliyepoteza kitu chake peke yake.

Wiki iliyofuata aliomba kuja nami Loresho. Alivaa kitenge chake kizuri, akaketi kwenye kile kiti chenye mto wa kijani bila kujua nilivyokuwa nimekisemesha. Alikuwa na swali lake tayari.

"Mama, nikuulize kwa uzuri tu. Umemfanyia nini? Mimi nimemwombea miezi mitano, sijasikia neno. Hapa amekuja mara sita, anakuja kunitobolea siri zote."

"Sijamfanyia kitu," mshauri alijibu. "Nilimuuliza tu maswali."

"Hata mimi nilimuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

Mke wangu alifikiri. "Kama amepona," alisema.

Hakuna aliyeongeza neno hapo. Nilimwona mke wangu akiligeuza jambo hilo kichwani, kama anavyofanya na kitambaa dukani, upande huu na upande ule. Baadaye, tukishuka kilima, aliniambia, "Yule mama haogopi kimya. Mimi kimya kinanitisha, nakijaza maneno." Kisha akaniuliza, taratibu, kama anayejaribu chombo kigeni: "Asubuhi ukinusa zile chupa zako, huwa unafikiri nini?" Nilimjibu njia nzima mpaka barabarani.

Tulikubaliana mambo ya kawaida. Tulimwambia binti yetu ukweli. Alikasirika siku mbili, kisha akamleta mtoto mwenyewe, pamoja na kengele ndogo ya moshi aliyoibandika darini kwa kupanda meza. Nilijiwekea sheria ya kutotoka jikoni kitu kikiwa motoni. Mke wangu alichukua kazi ya kunusa maziwa, na mashati yangu pia, na akaniambia, kama hakimu, kwamba mara moja kwa siku inatosha kuoga.

Mwezi wa nane tangu ile homa, pua ikaanza kurudi, kwa ukorofi. Nilikuwa napita mbele ya mkahawa mjini asubuhi nikapigwa na harufu mbaya kiasi cha kushika ukuta. Mpira uliochomwa, na maji ya maua yaliyokaa kwenye chombo wiki nzima. Niligeuka kutafuta jaa. Hakukuwa na jaa. Ilikuwa kahawa.

Daktari alisema hiyo ni dalili njema, kwamba mishipa inapoota upya huunganika ovyo kwanza. Lakini kazi yangu yote, maisha yangu yote, sasa yalinuka mpira wa gari. Nilifika Loresho nikiwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku ya kwanza. Nilimwambia mshauri afadhali uziwi.

"Inanuka aje, hasa?" aliuliza.

Nilimweleza mpira.

"Mpira wa gari ama wa kandambili?"

Nilifikiri. "Wa kandambili," nilisema. "Na mbele kidogo, kama unafuta ubao wa shule kwa kitambaa kichafu."

"Na mwisho?"

Nilifumba macho. Nilikuwa nakitafuta kikombe kile kichwani kama zamani, mbele, katikati, mwisho. Mwishoni kulikuwa na kitu kitamu kisichopendeza, kama ndizi iliyosahauliwa mkobani. Nilipofumbua macho aliniambia nimetabasamu. Nilikataa. Lakini ni kweli kwamba kwa dakika zile hasira ilikuwa imekaa pembeni, na mahali pake palikuwa pamechukuliwa na kazi.

Nilinunua daftari. Kila siku niliandika kilichonijia na jinsi kilivyokuja. Sabuni ya kufulia ilikuwa sawa kabisa. Kitunguu kilinuka jasho. Karafuu ilirudi safi, ya kwanza kati ya zile chupa nne. Mafuta ya mke wangu, ambayo alikuwa ameanza tena kujipaka, yalinijia Jumapili moja kanisani kama karatasi mpya. Si asumini, lakini ni kitu, na kilitoka shingoni mwake. Nilimwambia kwa kunong'ona katikati ya mahubiri. Akanifinya mkono, akaniambia nisikilize neno la Mungu.

Mwenye kampuni aliliona daftari mezani kwangu, akalisoma kurasa kadhaa akiwa amesimama. Nilidhani atacheka. Aliniuliza, "Wakulima wetu, ripoti tunawaandikia maneno mangapi?" Nilimwambia manne, labda matano: *ina kasoro, daraja la chini*. Akalirudisha daftari. "Basi waandikie hivi," alisema, akaenda zake.

Ndiyo kazi niliyo nayo sasa. Meza ya kuonjea sijairudia, na sidhani nitairudia. Kahawa imeacha kunuka mpira lakini haijawa kahawa. Wenzangu wakionja, nakaa nao na kuwauliza mbele kuna nini, katikati kuna nini, mpaka wananichoka. Kisha napigia viwanda simu. Wiki iliyopita nilizungumza na mama mmoja msimamizi kwa dakika arobaini. Nilimuuliza maji yao ya kuoshea yanatoka wapi, na siku walizoosha kahawa yenye kasoro kulitokea nini. Kulikuwa na kimya upande wake. Nilikiacha kikae. Halafu akaniambia kwamba wiki ile bomba lilikuwa limepasuka, na alikuwa hajamwambia mtu.

Loresho sasa naenda mara moja kwa mwezi. Siku hizi hatuzungumzi sana juu ya pua. Tunazungumza juu ya kustaafu, juu ya mama yangu, juu ya jinsi mtu anavyoweza kukaa na mwenzake miaka ishirini na saba na bado akabakiwa na maswali. Nilimuuliza mara ya mwisho kama yeye huwa anajua jibu kabla ya kuuliza. Akasema, "Nikijua, siulizi." Sijui kama namwamini.

Jana asubuhi, nikipanda ngazi za ofisini, kati ya orofa ya pili na ya tatu, kuna kitu kilinifikia. Kilikuwa wazi na cha karibu, chenye ubaridi pembeni, na sikukitambua. Nilisimama. Nilipiga hatua mbili chini, kikapotea. Nikarudi juu, kikawepo. Karani wa orofa ya pili alikuwa anapanda na faili zake, nikamuuliza anasikia nini. Akanusa, akasema labda rangi. Mama wa kufagia alisema ni mwavuli mbichi wa mtu. Mwenzangu wa meza ya kuonjea, aliyetoka kututazama, alisema hasikii kitu chochote, halafu akanusa tena, akakunja uso, akasema, "Ngoja." Tukasimama pale wanne kwenye ngazi, pua juu, na nilikuwa nimechelewa kazini kwa dakika kumi na tano.